Nahamia Nansio mwezi wa saba, nibebe nguo za baridi?

Mkuu umeuliza kama ukija Nansio, huku kisiwani Ukerewe Ziwa Victoria, mwezi wa saba ubebe sweta au ni joto mwaka mzima, na jamaa hapo juu amekujibu "Kanda ya Ziwa hakuna baridi". Naomba nipingane nae, maana mimi nilikaa Ngudu kule Kwimba miaka mitatu na saivi nina mwaka wa tano hapa Nansio, na hiyo kauli ya hakuna baridi ilishanitia hasara.

Julai yangu ya kwanza Ngudu nilichukua vifaranga 100 vya chotara. Mchana jua linawaka, unatembea na tisheti tu jasho linatoka, nikajua usiku balbu moja itatosha. Alfajiri umeme ukakatika, mi nimelala, kuamka saa kumi na mbili nakuta wamerundikana kona moja juu ya maranda, wa juu wanalia, wa chini washabanwa wamekufa. Nikatoa 38, bado wana manyoya mepesi yale ya njano. Kipimajoto cha ukutani kilikuwa nyuzi 15. Tangu siku ile nikawa nakiangalia kila alfajiri na kila saa tisa mchana, nimeendelea hivyo mpaka leo.

Nilichokiona ni kwamba huku ukichukua wastani, mwezi na mwezi haviachani sana, kinachobadilika ni pengo la alfajiri na mchana. Kuanzia Juni mpaka Agosti anga ni jeupe na hewa kavu, kwahiyo joto lote ardhi iliyokula mchana linapaa usiku hakuna cha kulizuia, ndo unakuta 15 au 16 alfajiri halafu 28 mchana wa siku hiyohiyo. Masika mawingu yanafunika, usiku haupoi sana na mchana nao hauchomi sana.

Joto lenyewe hasa ni Septemba na Oktoba, watu wengi wanadhani ni Januari. Sisi tupo nyuzi mbili na kitu tu kusini mwa ikweta, mwishoni mwa Septemba jua la saa sita linakuwa utosini kabisa na mvua za vuli hazijashika, ardhi kavu, vumbi, Ngudu nilikuwa nasoma 32 mpaka 33. Katikati ya Machi jua linapita tena utosini ila kuna mawingu na mvua kwahiyo husikii ule ukali.

Sasa Nansio ni tofauti kwasababu ya ziwa. Maji yanakuwa kwenye nyuzi 24 mpaka 26 hivi karibu mwaka mzima, ndo yanashikilia kisiwa kisipoe sana wala kisichemke sana. Nenda ufukweni Julai kabla jua halijatoka utaona mvuke mwepesi umelala juu ya maji, na watoto wanaoga wanagoma kutoka, sababu mle ndani ni joto kuliko nje, wakitoka tu meno yanagongana. Mchana kuanzia kama saa tano upepo unaingia kutoka ziwani, ule ndo feni yetu. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na ule wa ng'ambo nao unakuja, zikikutana huko katikati hewa inapanda juu na kujenga mawingu, ndo maana radi za vuli nyingi tunazisikia alfajiri na wavuvi wa dagaa wanakuwa bado wako majini. Mkuu hiyo usiichukulie poa, ukialikwa kwenda ziwani usiku msimu ule we kataa.

Kwahiyo beba sweta moja na blanketi la maana, koti zito acha hukohuko. Kwenye nyumba ndo uwe makini, bati tupu bila silingbodi Oktoba utalala nje, tafuta yenye dirisha upande upepo unakotokea, hata kodi ikiongezeka kwa elfu ishirini lipa tu.

Na kama utafuga, jiko la mkaa liwe tayari mapema, usitegemee balbu peke yake, ila acha upenyo wa hewa juu maana ule moshi usioonekana nao unaua. Ukishapata nyumba niambie ipo upande gani nikwambie upepo wake ukoje.