Barua kwa mwanangu Zuhura, kuhusu hicho kichupa cha mate

Mwanangu Zuhura,

Waalaikum salaam. Ujumbe wako nimeusoma, nikaona jibu lake haliingii kwenye simu, na vidole vyangu unavijua. Umeuliza hivi: kwa kuwa baba yako mdogo Saidi anaumwa akili kama anavyoumwa, je, kuna kipimo cha damu au cha vinasaba cha kujua mapema kama huyo uliyembeba naye atakuja kuumwa? Na mumeo kaona mtandaoni watu wanaouza kichupa, unatema mate, unakituma nje, unaletewa majibu.

Kipimo hicho hakuna. Msitume hela.

Ningeishia hapo, ila mama yako amechungulia begani akasema nimekujibu kama namjibu mgonjwa wa dirishani. Haya.

Skizofrenia, ndilo jina lililo kwenye kadi ya Saidi, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini yasiyopo, mpaka leo hutambuliwa kwa daktari kukaa na mgonjwa na ndugu zake, akauliza na akasikiliza. Urithi unahusika, hilo halina ubishi. Mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwenzake huugua karibu nusu ya nyakati. Lakini itazame na ile nusu nyingine: vinasaba vile vile, tumbo lile lile, na mtu mzima wa afya anakwenda kazini. Mwaka 2022 watafiti walitoa matokeo ya kulinganisha vinasaba vya wagonjwa 76,755 na vya watu wasioumwa zaidi ya laki mbili, wakapata sehemu 287 za vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huu. Si moja wala kumi. Kila moja inasukuma kidogo sana. Na wengi waliochangia damu ile ni watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo hesabu zinazotokana nayo zikiletwa kwetu huyumba vibaya. Ndiyo maana kuna utafiti mkubwa uliokusanya sampuli Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Hao wa kichupa wanakuuzia nini?

Kwa namba za kawaida: katika watu 100, anayeugua ni kama mmoja. Mtoto wa mgonjwa, kama 10. Wewe, mtoto wa kaka yake, ni 3 au 4. Huyo wa tumboni amerudi karibu kabisa na mtu yeyote anayepanda daladala pale Tandika.

Miaka yote nimesema, na mmechoka kunisikia: maabara hujibu swali ililoulizwa, basi. Ukiiuliza malaria, itakujibu malaria. Watu wanaipa kazi ya ukadhi.

Na hapa ndipo linaponirudia lile la mwaka 1991. Wewe ulikuwa hujazaliwa, lakini najua umeshalisikia kwa upande wa shangazi yako Mwajuma, na upande huo ni mtamu zaidi kwa sababu yeye anajua kusimulia.

Saidi alikuwa fundi redio Kariakoo, mkono wake mwepesi, wahindi wa mtaa ule walikuwa wanamtafuta yeye tu. Akaanza kukosa usingizi. Kisha akaanza kusema msomaji wa habari wa Redio Tanzania anamtaja. Jioni moja nilimkuta uani ameifungua redio ya marehemu babu yako. Spika kaichomoa, kaiweka kwenye sahani ya bati. Nyaya kazitandaza juu ya gazeti, nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, skrubu zote kwenye kifuniko cha chupa ya soda. Akaniambia, "Kaka, sikiliza. Hata bila spika ananitaja." Nikasikiliza. Walahi nilisikiliza kweli.

Mimi nilikuwa kijana wa maabara, kichwa kimejaa masomo. Chuoni mwalimu alikuwa ametusimulia kwamba zamani wodi za vichaa Ulaya zilijaa wanaume waliojiona wafalme, kisha wakapooza, kisha wakafa. Na mwaka 1913 huko New York, Noguchi na Moore wakawakuta vijidudu vya kaswende ndani ya ubongo wa watu hao hao. Ilipokuja penisilini, wazimu ule ukawa maradhi ya kuchoma sindano. Nilikipenda kisa kile mno. Nikamtoa Saidi damu mwenyewe, nikampima kaswende. Nikampima malaria, sukari, homa ya matumbo, kila kilichokuwapo kwenye rafu zetu. Majibu nikayaandika kwa mwandiko wangu mzuri: hasi, hasi, hakuna vimelea vilivyoonekana.

Kikao cha ukoo kikakaa Mtoni, wanaume kwenye mkeka, wanawake kibarazani. Mwajuma akaingia na karatasi zangu. Sijui alizitoa wapi, nadhani mfukoni mwa koti langu. Akazinyanyua juu: "Huyu hapa msomi wetu kaandika mwenyewe. Hakuna. Hospitali haioni kitu. Sasa mtu anayeumwa na hospitali haioni kitu, amefanywa nini kama hakuchezewa?" Wazee wakatikisa vichwa. Nikajaribu kusema kwamba haukuonekana ugonjwa NILIOUTAFUTA tu, kwamba darubini yangu haina lenzi ya kuona sauti zilizo kichwani mwa mtu. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, kama haina, ulimtoa damu ya nini?"

Zuhura, swali lile bado linaniwasha.

Akapelekwa kwa mganga upande wa Mkuranga. Alirudi mvua za vuli zimeshaanza, amekonda, na alama za kamba kwenye mikono yote miwili, hapa juu ya saa. Ya kule siyaandiki.

Kutoka hapo tukampeleka hospitali, na hii sehemu Mwajuma haisimulii. Walimwanzishia haloperido, dawa ya kutuliza sauti za kichwani. Siku ya pili shingo ikapinda, uso umeangalia begani, macho yamepanda juu, ulimi mzito. Mwajuma akapiga yowe kwamba majini yamemfuata mpaka wodini. Nesi, mama mmoja mfupi asiye na maneno mengi, akaja na sindano ya kulegeza, akamchoma, akaenda zake. Chai yetu haikuwahi kupoa, shingo ikarudi mahali pake. Saidi akasema, "Nina njaa."

Nilifurahi nusura nimkumbatie yule nesi. Nilichokuwa nakitafuta kwenye slaidi nilikuwa nimekiona kwenye shingo ya mdogo wangu. Kuna kemikali ya ubongo inaitwa dopamini. Moja ya kazi zake ni kuweka alama: hiki ni muhimu, kitazame, kile kipite. Ikizidi katika sehemu fulani, kila kitu kinapata alama, hata pumzi ya msomaji wa habari kati ya sentensi mbili. Haloperido huziba vipokezi vya dopamini, yaani milango ya kuipokea kwenye seli za ubongo. Mwaka 1975 Seeman na wenzake kule Toronto walionyesha kwamba dawa za aina hii, kadiri zinavyovishika vipokezi hivyo kwa nguvu, ndivyo dozi ndogo inavyotosha. Sasa dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuongoza misuli. Ukiiziba ghafla, shingo inapinda. Jini gani anayetii kwa mpangilio huo?

Lakini nikifika hapo najibishana mwenyewe. Dopamini inaeleza sauti. Haielezi kwa nini Saidi, sauti zilipokwisha, hakurudi Kariakoo. Ile hali ya kukaa tu ukutani, kutotaka kuoga, kutotaka mtu, dawa zile haziigusi sana. Na bangi? Alivuta, sote tunajua, pale kijiweni Keko. Mwaka 1987 Wasweden walitoa hesabu ya vijana wao zaidi ya 45,000 wa jeshini, waliofuatiliwa miaka 15: waliovuta sana waliugua mara sita ya wasiovuta. Nikiisoma hiyo nasema basi, ni bangi. Kisha nawakumbuka aliovuta nao. Mmoja ni mhasibu, mwingine imamu, na sitamtaja.

Hata hilo la Mkuranga. Inajulikana kwamba mgonjwa akichelewa kutibiwa, kupona kwake kunakuwa kugumu zaidi. Ulimi wangu unataka kumaliza sentensi hiyo kwa jina la shangazi yako. Nauzuia. Wapo waliopelekwa hospitali wiki ile ile wakaishia kama Saidi, na wapo waliochelewa wakapona. Na ni Mwajuma huyo huyo ambaye mpaka leo anamshika mkono kila mwezi kumpeleka kwenye sindano yake, anamnyoa ndevu, anagombana na wanaomwita kichaa mbele ya duka. Mimi nilikuwa na karatasi. Yeye alikuwa na ndoo ya maji ya kumwogeshea. Siamui. Nimeshika kalamu muda mrefu hapa, na siamui.

Usije ukadhani nawaambia msipime. Mtu akibadilika ghafla, pimeni: malaria, sukari, virusi vya UKIMWI, kaswende, tezi la shingoni, vitamini B12. Hayo yote yanaweza kumvuruga mtu akili na yote yana matibabu. Tangu mwaka 2007, kwa kazi ya Dalmau na wenzake, inajulikana hata kwamba kinga ya mwili yenyewe inaweza kugeuka ikashambulia vipokezi vya ubongo. Wengi wa waliopatwa ni wasichana, baadhi yao wana uvimbe kwenye ovari, na kwa nje wanaonekana vichaa kabisa. Wakitibiwa mapema, wengi hupata nafuu kubwa. Nikisoma habari kama hizo nawaza ni mabinti wangapi wamefungwa kamba. Halafu naona kinachotokea: wazimu ukishapata kipimo chake unahamishwa wodi, unapewa jina la heshima, na ndugu wanaacha kunong'ona. Wa Saidi bado unangoja zamu.

Sasa mambo yako. Ukienda kliniki mwambie nesi kwamba kwenu kuna mgonjwa wa akili, na kama kuna wa kwa mumeo mseme pia. Hiyo ni kwa ajili yako wewe, maana wiki za kwanza baada ya kujifungua ndipo baadhi ya wanawake huvurugika. Ukiona usingizi unakukimbia hata mtoto akiwa amelala, usisubiri arobaini, mpigie mama yako. Huyo mtoto akishakuwa kijana, bangi asiiguse. Hapo sijibishani na mtu.

Kuhusu mama mkwe wako, aambiwe au asiambiwe, hukuniuliza. Kwa hiyo nanyamaza, ingawa mama yako anasema uso wangu umeshajibu.

Shangazi yako anakuja huko mwisho wa mwezi na unga wa muhogo na dagaa. Usimwambie habari ya kichupa. Atataka kujua wanafanya nini na mate ya watu huko nje, na hilo sina jibu la kumpa.

Ni mimi baba yako,
Mtoni