Mvinyo wa Bei: Uliza Kwanza Ulilala Wapi

Msomaji mmoja wa Watamu ameniandikia: "Kaka, nataka kumnunulia mke wangu mvinyo wa maana siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu, lakini naogopa kuchekwa. Ninunue au niache?"

Nunua. Ila usitoe pesa kabla hujanisikiliza, maana mimi bado nadaiwa maelezo na ukoo mzima.

Nimehudumu mezani kwenye mikahawa ya Wataliano hapa Malindi tangu ujana, na Kiitaliano changu nilikiokota humo humo, kati ya sahani na bili. Barolo, mvinyo mwekundu wa kwao, nilikuwa nikiwafungulia wengine, nainusa kwa heshima, naondoka. Tulipotimiza miaka 15 ya ndoa nikajiambia: safari hii anayekaa kitini ni mimi.

Barolo hutoka Piemonte, kaskazini mwa Italia, kwa zabibu iitwayo Nebbiolo. Sheria ya kwao hairuhusu iuzwe kabla ya kutimiza miezi 38, na 18 kati ya hiyo lazima ikae ndani ya pipa la mbao. Yangu ilikuwa ya 2010, mwaka tuliooana, na wajuzi wanayasifu sana mavuno ya mwaka huo. Bei? Mbuzi watatu, mmoja ana mimba.

Ami yangu ndiye aliyeanza. "Mnazi upo, tena wa leo, na pesa hiyo ingenywesha kijiji." Nampenda ami, na mnazi naupenda, hata mahari yangu haikupokelewa bila huo. Lakini mnazi ukilala siku chache ni siki, na chupa ile ilikuwa imetungoja ndoa nzima. Akayarudia maneno hayo mbele ya wakwe zangu. Hilo linaniuma hadi leo.

Sasa sikiliza. Duka moja mjini lilikuwa na chupa kama hiyo, imesimamishwa dirishani, jua la saa nane linaipiga. Muuzaji akaapa kwamba ni salama. Nikaaga. Mvinyo wa umri huo unataka giza na nyuzi 12 hadi 15 hivi, chupa imelazwa ili kizibo kisikauke, na joto la Malindi unalijua mwenyewe. Yangu niliipata kwa mzee wa Kitaliano aliyekuwa akiuza nyumba arudi kwao. Chupa zake zilikaa chumba chenye kiyoyozi usiku na mchana. Hakunishawishi kwa maneno, alinionyesha bili zake za stima.

Mke wangu alitaka kamba wa nazi. Nikamsihi. Barolo ina ukakasi. Mafuta ya nyama huutuliza, lakini pilipili huuchochea, na kwa samaki huacha ladha ya chuma mdomoni. Tukapika mbuzi polepole, chumvi na kitunguu saumu basi. Wajuzi husema Nebbiolo hunukia waridi na lami. Mke wangu akanusa, akasema waridi halioni, ila barabara mpya anaiona. Glasi ya pili akaniambia waridi limefika.

Ndugu zangu, tunamwaga pesa kwenye mahema na viti vya wageni ambao hata majina hatuyajui, na hakuna anayeitisha kikao. Mtu akijifurahisha na mkewe kwa jasho lake, kikao! Usikope, usiguse karo ya watoto. Zaidi ya hapo huna wa kumwomba ruhusa. Majirani zangu Waislamu, ambao wangekuwa na sababu ya kununa, niliwapelekea biriani mapema, chupa ikabaki ndani, na wala hawakuuliza kitu. Maneno yalitoka kwetu.

Jambo la mwisho: isimamishe chupa tangu jana yake ili mashapo yatulie chini, kisha ipoze kidogo kwenye friji ifike nyuzi 16 hadi 18. Kizibuo kizungushe taratibu. Kizibo kikikatika, usikisukume ndani kama shemeji alivyokuwa akinihimiza. Ingiza kizibuo upya kwa mshazari, na vipande vikianguka, chuja kwa kichungi cha chai kisicho na harufu ya tangawizi.