Dirisha la Nyumba ya Mlinzi

SWALI: Mhariri, katika shamba la zamani la kahawa hapa Moshi, nyumba ya mlinzi wa geti ina dirisha lililotokeza nje ya ukuta. Lina kazi gani? – Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, madirisha hayo, yenye vioo pande tatu, yalienea katika mashamba ya Uingereza na Ireland karne ya 19, kwani mlinzi, aliyeishi humo na familia yake, aliiona barabara pande zote na kuwahi kufungua geti kabla gari la farasi halijasimama. Wenye mali waligharamia mno majengo hayo yaliyotangulia kumpokea mgeni: kule Ballysaggartmore, Ireland, minara ya lango ingalipo, ilhali jumba lenyewe limetoweka. Tafadhali, mkikarabati, msilizibe dirisha hilo kwa matofali.