Mwezi ukiwa katika Nge: je, akdi iahirishwe?

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh wangu. Mimi ni kijana wa miaka 27, niko Tanga. Nimeposa, posa imekubaliwa na siku ya akdi imeshapangwa. Sasa mjomba wa binti amekwenda kutazamia kwa mwalimu mmoja wa falaki, akaambiwa kuwa siku hiyo mwezi utakuwa katika Akrabu, yaani nyota ya nge, na ndoa inayofungwa humo huingia sumu. Tena kalihesabu jina langu na la mama yangu, akasema nyota yangu haipatani na ya binti. Anataka shilingi 70,000 na mbuzi mwekundu ili amfunge nge huyo mkia. Naomba kujua: huyu nge wa mbinguni katoka wapi? Ndizo hizo buruji zilizotajwa katika Qur'ani? Na akdi niiahirishe?

JIBU: Waalaykumussalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, akdi usiiahirishe kwa ajili ya nge. Hilo nimelitanguliza ili ulale usingizi. Sasa tukae kitako, maana swali lako la kwanza watu hawaliulizi, na lingeulizwa mapema pengine haya ya mbuzi yasingefika kwako.

Usiku wowote wa Julai, baada ya Isha, toka nje uelekee kusini. Huku kwetu pwani nge anapanda juu sana, si kama Ulaya ambako anatambaa karibu na upeo wa macho. Utaona nyota tatu zimejipanga kama paji la uso. Nyuma yake iko moja nyekundu, kama kaa la moto lililoanza kushika jivu. Kisha mkia unashuka kusini, unapinda, unaishia kwa nyota mbili zilizokaribiana: ndio mwiba. Mfano wake na nge wa ardhini ni wa kweli hata mtoto hahitaji kuelekezwa mara mbili, na nadhani ndiyo sababu picha hii imeishi muda mrefu hivi.

Waliomchora wa kwanza tunaowajua hawakuwa Waarabu wala Wagiriki. Ni watu wa Sumeri na Babeli, nchi ambayo leo ni Iraq. Kwa Kisumeri walimwita GIR.TAB, kwa Kiakadi zuqaqipu, maana yake nge. Yumo katika orodha yao ya nyota iitwayo MUL.APIN, iliyoandikwa juu ya vibao vya udongo; nakala kongwe zilizobaki ni za karne ya 7 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na elimu iliyomo ni ya zamani zaidi ya hapo. Humo ile nyota nyekundu ni kifua cha nge, na imepewa Lisi, mmoja wa miungu yao. Zingatia hapo. Orodha yenyewe ilikuwa na manufaa, watu walijua kwayo miezi na misimu. Lakini karibu kila nyota ilikuwa imekabidhiwa mungu wake, na mtu akishaamini kuwa nyota ina mwenyewe, ataanza kuiogopa na kuipelekea zawadi. Mbuzi wako mwekundu ametoka mbali.

Baadaye, kwenye karne ya 5 kabla ya Nabii Isa, Wababeli hao hao waliigawa njia ya jua mafungu 12 yaliyo sawa, kila moja digrii 30, ili hesabu iwe nyepesi; ndizo buruji 12 za wanajimu. Wagiriki wakapokea. Wao wakatunga na kisa: kwamba nge ndiye aliyemuua mwindaji Orion, kwa hiyo huyu akichomoza mashariki yule anazama magharibi. Kuchomoza na kuzama huko ni kweli, ukikesha utakuona kwa macho yako. Kisa ni kisa.

Liko jambo jingine linanichekesha kila nikilisimulia. Nge wa kale alikuwa mkubwa kuliko huyu. Alikuwa na magando mawili mbele, na Wagiriki wakiziita nyota hizo kwa jina hilohilo, magando. Wababeli nao walikuwa tayari wakiziona pia kuwa ni mizani, na picha ya mizani ndiyo iliyoshinda. Leo ni buruji ya Mizani. Waarabu walibakiza ushahidi: nyota hizo mpaka sasa zinaitwa Zubana, gando la nge. Yaani nge huyu alikatwa mikono na waandishi na hakuna aliyesikia akilia. Kitu ambacho binadamu wanakipunguza na kukiongeza kwa kalamu ndicho kinachoogopewa kuwa kitauma ndoa ya watu Tanga!

Waarabu wenyewe, kabla ya vitabu vya Wagiriki kutafsiriwa, hawakushughulika sana na buruji 12. Wao walikuwa na vituo 28 vya mwezi, na vinne kati yake vimo mwilini mwa nge: Zubana, Iklil yaani taji, Qalb yaani moyo, na Shaula, mkia ulioinuliwa. Mwaka 964 Abdurrahman as-Sufi, mwanachuoni wa Rayy, aliziandika nyota za Wagiriki pamoja na majina hayo ya Waarabu, na kila umbo akalichora mara mbili, kama linavyoonekana angani na kama linavyokaa juu ya tufe. Mabaharia nao walimtumia nge huyu. Katika dira ya Waarabu ya pande 32, aliyoieleza nahodha Ahmad ibn Majid katika karne ya 15, machweo ya Akrabu ni kusini-magharibi na macheo yake ni kusini-mashariki. Majahazi mangapi yamefika pwani hii kwa kumfuata nge, na hatujasikia kwamba yalizama kwa sumu yake.

Ama Qur'ani. Allah ameapa kwa mbingu yenye buruji (85:1), na amezitaja pia katika 15:16 na 25:61. Hakuna aya iliyomtaja nge wa mbinguni kwa jina. Wafasiri walihitilafiana: Ibn Abbas na wengine wamesema buruji ni nyota, wengine wakasema ni makasri, na Ibn Jarir at-Tabari amechagua kuwa ni vituo 12 vya jua na mwezi. Kwa hiyo anayekwambia buruji 12 hazina nafasi katika tafsiri amekosea. Lakini hata Tabari hakusema kuwa zinafunga au kufungua riziki ya mtu. Kazi ya nyota Allah ameitaja: pambo la mbingu, vimondo vya kuwapigia mashetani, na alama za kuongozea njia. Mfasiri Qatada amesema, kama ilivyo katika Bukhari, mwenye kuzidisha juu ya hayo matatu amekosea.

Tena suala lako si jipya. Ibn Taymiyya amenakili kwamba Sayyidna Ali, radhi za Allah ziwe juu yake, alipotaka kutoka kwenda kupigana na Khawarij, yaani kundi lililomwasi, mnajimu mmoja alimzuia: usisafiri, mwezi uko katika Akrabu. Maneno ni yale yale ya mwalimu wenu. Ali akajibu kuwa atasafiri kwa kumtegemea Allah na kumkadhibisha yeye. Akatoka, akashinda.

Na kwa ndoa hasa, Waarabu wa Jahiliya waliona Shawwal ni mwezi wa nuksi kwa harusi. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, akisema kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwoa katika Shawwal na akaingia kwake katika Shawwal. Ni yupi katika wakeze aliyekuwa na bahati kwake kuliko yeye? Imo katika Muslim. Ndugu zetu Mashia Ithnaasheri wana riwaya katika vitabu vyao za kuchukia ndoa mwezi ukiwa katika Akrabu. Mimi nakujibu kwa mafundisho ya Ahlu-Sunna.

Nikuoneshe na hesabu zenyewe. Mwezi unapita katika kila buruji siku mbili na saa chache, kila mwezi. Nge wa mwalimu, basi, anakula siku kama 30 za kila mwaka, na ndoa zilizofungwa siku hizo zimejaa mtaani kwenu. Tena anga limesogea, kiasi cha digrii moja kwa miaka 72. Takwimu nyingi, yaani kalenda za nyota, bado zinagawa njia ya jua kwa kuanzia pale usiku na mchana vinapolingana mwezi wa Machi, kwa hiyo zinapoandika "Akrabu" mwezi kwa sehemu kubwa uko mbele ya nyota za Mizani. Usiku mwezi unapoukaribia ule moyo mwekundu hasa, takwimu imeshaandika Kausi, buruji inayofuata.

Na hiyo ya majina? Chukua Ali bin Fatma. Kwa abjadi, yaani hesabu inayoipa kila herufi ya Kiarabu namba yake, Ali ni 110. Fatma ni 135 ukiihesabu herufi ya mwisho kuwa ni 5. Jumla 245, toa 12 kila mara, inabaki 5: nyota yake ni buruji ya tano, Simba. Mwalimu mwingine ataihesabu herufi ile ile kuwa ni 400. Jumla 640, inabaki 4: kijana amekuwa Kaa. Hajazaliwa upya, mama yake ni yule yule.

Sasa la kufanya. Mjomba wa binti ni mtu wa kuheshimiwa, usibishane naye mbele za watu. Lakini katika ndoa mjomba si walii. Walii ni baba wa binti. Mwendee huyo, na ukienda na imamu wa msikiti wenu ni bora. Ikiwa wazee watasogeza siku kwa sababu ya safari au ukumbi, hilo halina neno. Kusogeza kwa kumkimbia nge ndiyo tiyara, yaani kuamini nuksi, aliyoikataza Mtume.

Shilingi 70,000 usitoe. Mtume amekataza malipo ya kuhani, na hadithi yake imo kwa Bukhari na Muslim. Ama mbuzi, kama umeshamnunua, usimrudishe mnadani. Mtume alimwambia Abdurrahman bin Auf alipooa: fanya walima japo kwa mbuzi mmoja. Huyo wako mchinje siku hiyo, rangi yoyote aliyo nayo, na mjomba umkaribishe wa kwanza.

Wallahu aalam.