Mkojo wa povu, na makosa niliyoyafanya mimi

Mamangu ana sukari mwaka wa 13 sasa. Hapa kwetu Langoni, Lamu, mimi ndiye niliyekuwa nikiosha choo, kwa hiyo povu nililiona mimi wa kwanza. Halikuwa lile linalopasuka papo hapo. Hili lilikaa hata baada ya kumwagiwa maji. Nikadhani ni mabaki ya sabuni, nikanyamaza miezi kadhaa.

Tulipokwenda kupima, damu ilirudi nzuri, kreatinini (taka ya damuni ambayo figo huitoa) sawa. Tukafurahi, tukapita kununua halua (ndiyo, halua, msinicheke). Mkojo haukupimwa, nami sikuuliza.

Kreatinini huchelewa kusema. Kila figo ina vichujio vidogo kama milioni moja, na figo mbili huchuja takriban lita 180 kwa siku, karibu zote zikarudishwa mwilini. Vichujio vingine vikifa, vilivyobaki hubeba mzigo wa wenzao, na damu huonekana salama huku mengi yameshaharibika. Mkojo ndio unaotangulia kusema. Hili si jipya: mwaka 1827 Richard Bright, daktari wa London, aliandika jinsi mkojo wa wagonjwa wake ulivyoganda ukipashwa moto kwenye kijiko juu ya mshumaa, kama ute wa yai. Ile ilikuwa albumini, protini ya damu inayovuja, na ndiyo iletayo povu.

Inavuja vipi? Fikiria kifumbu cha tui: unakamua, tui linashuka, chicha inabaki. Tofauti ni kwamba ukindu wa kifumbu hauzungumzi, na seli za kichujio huzungumza mchana kutwa. Ndani ya kila kichujio kuna seli za mshipa mdogo wa damu, zenye vitundu. Nje kuna podosaiti, zilizoukumbatia mshipa kwa vidole vinavyopishana. Katikati kuna seli za mesanjio, zinazoushikilia mshipa usitanuke ovyo. Podosaiti huzipelekea seli za mshipa ujumbe wa kemikali unaoziweka hai na vitundu vyake wazi; seli za mshipa nazo huziita za mesanjio na kuziweka mahali pake.

Sukari nyingi ikizijeruhi seli za mshipa, maneno yanayopita hapo hugeuka sumu. Podosaiti hukunja vidole vyake, nyingine hung'oka na kutoka na mkojo, na mwili hauna uwezo wa maana wa kuzirudisha. Mesanjio hujazana mpaka zikabana njia ya damu, kisha kovu. Mjamzito mwenye kifafa cha mimba huonyesha jambo hili waziwazi zaidi: kondo hutoa protini inayouteka ule ujumbe wa podosaiti kabla haujafika. Chanzo hakiko figoni, lakini mkojo unavuja.

Kosa langu la pili ndilo linaloniuma. Daktari mwingine alimwandikia mama losatani, dawa ya presha. Presha ikashuka, naye akasema, "Mwanangu, presha i tini, dawa ya nini tena?" Nikaona ana haki. Wiki sita hakuimeza. Sikujua kwamba dawa ile hulegeza mshipa wa kutokea kwenye kichujio, msukumo wa ndani ukapungua, podosaiti zikapumua. Presha ya mkononi kuwa nzuri hakufanyi kazi hiyo iishe. Lakini mjamzito asiimeze, na ukianza dawa hii rudi upimwe damu, potasiamu pamoja na kreatinini.

Kwa hiyo ukienda kliniki, omba kwa jina: kipimo cha albumini kwa kreatinini kwenye mkojo, ikiwezekana wa asubuhi. Kawaida ni chini ya miligramu 30 kwa gramu. Ikizidi, rudia, kwani homa au maambukizi ya mkojo huweza kuipandisha. Mwenye sukari ya ukubwani apime tangu siku aliyoambiwa anayo, kisha kila mwaka. Na zile diklofenaki na ibuprofeni za magoti tunazonunua dukani kama peremende, waachieni wenye figo nzima. Mama alikuwa akimeza mbili kila jioni, nami ndiye nikimletea.

Mara ya mwisho nambari yake ya kipimo hicho cha mkojo ilirudi 140, kutoka 410. Bado haijawa sawa. Nikirudi na majibu huniuliza ngapi kabla sijavua viatu.