Kitunguu saumu, siki na mlonge kwa kuku: tumia, ila kwa akili

Wafugaji wenzangu wa Dar, sasa hivi ukiingia kwenye grupu lolote la wasap la kuku utakuta mtu anakwambia saga tangawizi, tia siki, chemsha mlonge, kuku watanona. Mi navitumia hivi vitu na navipenda kwelikweli, ila vingi vinatumiwa kiholela na watu wanapoteza kuku, inaniuma.

Kuku wa nyama anakaa bandani wiki tano hivi, utumbo ukivurugika siku chache tu ushapoteza, chakula kinapita hakimsaidii kitu na bei ya mfuko unaijua mwenyewe. Ndo maana wengi wanawapa antibayotiki kila wiki hata wakiwa wazima. Hiyo tuache jamani. Sweden walishapiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu 1986, Umoja wa Ulaya wote wakafuata Januari 2006, kwa sababu bakteria wanazoea dawa halafu siku mtu anaumwa kweli dawa haifui dafu.

Kabla ya kununua chochote, asubuhi angalia kinyesi. Kizuri kimeshikana, cha kahawia, na juu kina utando mweupe. Kikiwa majimaji yenye povu au unaona chembe za mahindi zimetoka zilivyoingia, utumbo haujakaa sawa. Halafu chota konzi ya maranda uikamue, ukifungua mkono ikabaki bonge basi maranda yameloa, na wakati wa masika hiyo ndo kawaida yetu. Vimelea vya koksidia, vile vinavyoshambulia utumbo wa kuku, vinakomaa kwa siku moja mbili tu kwenye joto na unyevu, na Dar vyote viwili tunavyo, kwa hiyo geuza maranda, yaliyoloa toa, drinka (chombo cha kunywea maji) inayovuja itengeneze, la sivyo hata umwage gunia la saumu hupati kitu.

Haya, saumu yenyewe. Usiichemshe! Ile nguvu yake inatokea pale unapoiponda, iache kama dakika kumi ndo uweke kwenye maji, moto unaiua. Na usizidishe, harufu ikiwa kali kuku wanagoma kunywa, na kwa joto la Dar kuku asiyekunywa maji hata chakula hali. Ukitumia unga wake, gramu 10 kwa kilo moja ya chakula inatosha kabisa.

Siki ni kijiko cha chai kwa lita moja, inafanya maji yawe na uchachu kidogo ambao bakteria wabaya hawaupendi. Ila kwenye drinka za plastiki tu, za bati inazila.

Sasa hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndo kuku wengi wanapopotea. Chanjo za Gumboro na kideri, magonjwa ya virusi ya kuku, tunazowapa kwenye maji ni virusi hai, virusi hao wakifa kwenye ndoo hujachanja, umewanywesha kuku maji tu. Kwa hiyo siku mbili kabla na siku mbili baada ya chanjo usitie siki, saumu wala dawa yoyote kwenye maji, na drinka osha kwa maji matupu bila sabuni. Hata maji ya bomba ya DAWASA yana klorini, mi natia maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2 hivi kwa lita, nasubiri kidogo ndo naweka chanjo, na wayamalize ndani ya saa mbili.

Mlonge kausha kivulini, saga, changanya isizidi kilo 5 kwenye kilo 100 za chakula. Una protini nzuri ila haubadili pumba mbovu kuwa chakula, na mahindi yenye ukungu usiwape kabisa, sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, inakula ini na hamna jani la kuitoa.

Ukiona damu kwenye kinyesi, acha majani, mwite bwana mifugo siku hiyohiyo, hapo ni dawa ya koksidia.

Na kama hauamini, gawa vifaranga mafungu mawili, chakula kile kile, fungu moja lipate saumu lingine lisipate, pima uzito kila wiki uandike. Matokeo yanatofautiana banda na banda, kwa hiyo la kwako amini mizani yako kuliko mesej za kwenye grupu.