Mkiwa watatu tu jukwaani: somo kutoka albamu ya Gun

Wadogo zangu mnaoanzisha bendi ya gitaa, besi na drams, najua wengi mmeanzia kwa bendi ya Cream na mpiga gitaa Jimi Hendrix, waliopiga roki wakiwa watatu watatu. Hamjakosea, ila wale walikuwa mabingwa, kila mmoja angeweza kusimama peke yake na watu wakakaa kumsikiliza. Anayeanza akiwaiga hukimbilia mbwembwe. Mimi huwaelekeza kwenye albamu isiyotajwa sana: Gun, ya bendi yenye jina hilohilo kutoka Uingereza, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya CBS mwaka 1968. Adrian Gurvitz yuko kwenye gitaa na kuimba, kaka yake Paul kwenye besi, Louis Farrell kwenye drams. Mkiona ndugu hao wameandikwa Curtis msishangae, ndilo jina walilokuwa wakitumia wakati huo.

Wimbo wa kwanza, "Race with the Devil", ulifika namba 8 kwenye chati ya Uingereza, na kila mpiga gitaa hutaka kuanzia hapo. Haya, anzeni, lakini kwa nusu ya mwendo, metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) ikiwa imewashwa, gitaa na besi pamoja. Ule wimbo unakimbia, na mkiukimbiza kabla vidole havijazoea mtabaki na kelele.

Mkishaushika, usikilizeni upya kwa hedfoni. Zile tarumbeta mnazozisikia hazikupigwa na mmoja wa hao watatu. Ziliongezwa studio, na nyimbo nyingine kadhaa za albamu hiyo zimewekewa okestra. Hapa ndipo vijana wengi hukata tamaa: wanapiga noti zote sawasawa, lakini wimbo unasikika mwembamba, basi wanakwenda kununua pedali ya distosheni, ile ya kukwaruza sauti ya gitaa, na amplifaya kubwa zaidi. Wekeni pesa zenu kwanza. Kaeni chini mgawane kazi ya tarumbeta. Ninavyoona mimi, ile mipigo mpeni mpiga drams aigonge kwenye sneya (ngoma ndogo yenye sauti kali) na matoazi. Besi ikijaribu kuifuata itaacha msingi wake.

Pagumu zaidi ni kwenye solo. Tuliolelewa na muziki wa dansi tumezoea gitaa la ridhimu kushikilia kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) huku solo ikitembea. Kwenye bendi ya watatu hakuna ridhimu. Gitaa likipanda juu, panabaki shimo, na mwenye kulifukia ni besi. Kwa hiyo wewe wa besi usikae kwenye noti mama tu, ile inayoipa kodi jina lake. Ukihesabu skeli kuanzia noti hiyo, gusa ya tatu ili msikilizaji ajue kama kodi ni meja au maina, gusa ya tano, kisha rudi kwenye noti mama kabla kodi haijabadilika. Na usishindane na solo! Mpiga gitaa akizidisha noti, wewe punguza.

"Take Off", inayofunga albamu, ina dakika kama 11. Kwangu nusu yake ingetosha, lakini itumieni kujifunzia ishara: nani anatazamwa wakati wa kubadilisha, nani anarudisha wimbo ukipotea. "Rupert's Travels" ni kipande kifupi cha gitaa kavu, lisilo la umeme, bila kuimba. Msikiruke, kinapumzisha masikio katikati ya vurugu ile.

Jalada, kwa njia, lilichorwa na Roger Dean, la kwanza kwake kwa albamu, miaka kadhaa kabla ya yale ya bendi ya Yes yaliyompa umaarufu. Gun wenyewe walitoa albamu nyingine moja, Gunsight, mwaka 1969, kisha wakavunjika. Baadaye wale ndugu wawili walipiga na Ginger Baker, yule mpiga drams wa Cream, katika bendi ya Baker Gurvitz Army.

Kabla hamjakubali onesho lolote, rekodini zoezi kwa simu huku mpiga gitaa amenyamaza. Mpeni mtu asiye mwanamuziki asikilize. Akishindwa kutambua wimbo kwa besi na drams peke yake, mpangilio bado haujakamilika, hata kama solo ni tamu kiasi gani.